Shemeji ameondoka na mashine: niende mahakamani au tusuluhishwe?

SWALI

Habari za kazi, washauri.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Kwa miaka 6 nimeendesha karakana ya mageti na madirisha ya chuma pamoja na shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Tulianza kwa karatasi moja tuliyoiandika wenyewe na kuisaini mbele ya mashahidi wawili: mtaji wangu asilimia 60, wake 40, na faida igawanywe hivyo hivyo. Hatukuandika chochote kuhusu mmoja wetu akitaka kutoka.

Miezi 14 iliyopita tuligombana kuhusu faida ya mwaka. Jumapili moja, karakana ikiwa imefungwa, alikuja na gari akachukua mashine ya kukunja bati na jenereta. Vyote vilinunuliwa kwa pesa ya karakana. Amefungua karakana yake, na wateja wetu wawili wakubwa wamemfuata huko. Tuna mkopo wa benki wenye majina yetu wote wawili, marejesho 24. Alipoondoka tulikuwa tumelipa 9. Tangu hapo nimelipa 11 bila yeye kutoa hata senti moja, na bado 4.

Wakili wangu ameshaandaa hati ya madai. Ninadai nusu ya marejesho niliyoyalipa, mashine zote mbili zirudi, na fidia ya wale wateja. Shemeji naye anasema mimi ndiye ninayedaiwa, kwa kuwa faida ya mwaka wa mwisho haijagawanywa. Tena nimesikia anaitafutia mnunuzi ile mashine ya kukunja bati.

Mke wangu ananiomba tusuluhishwe, na mjomba wao amejitolea kuwa msuluhishi. Kwangu mimi usuluhishi ni kumsamehe mtu aliyenivunjia mlango. Je, nikikubali nitakuwa nimeonyesha udhaifu? Nitakayoyasema huko hayatageuzwa kuwa ushahidi dhidi yangu? Na akisaini halafu asilipe, nitamfanya nini?

Fundi wa Chuma

JIBU

Ndugu Fundi,

Tuanze na kisichoweza kusubiri, yaani ile mashine. Ikiuzwa, mtakaa mezani kugombania kitu ambacho hakipo. Leo au kesho, wakili wako amwandikie shemeji barua fupi akimtaka athibitishe kwa maandishi, ndani ya siku 7, kwamba hatauza, hatakodisha wala kuweka rehani mashine na jenereta hadi mgogoro uishe. Barua itaje aina ya mashine na namba yake ya kiwandani. Akikubali, vizuri. Akikataa au akinyamaza, na habari za mnunuzi zikawa za kweli, nenda mahakamani kuomba amri ya zuio kwa ajili ya mashine hizo. Msuluhishi hana mamlaka ya kumzuia mtu kuuza mali. Mahakama inayo. Kuomba zuio hakufungi mlango wa usuluhishi hata kidogo, na mahakama nyingi zenyewe huwapeleka wadaawa, yaani pande za kesi, kwa msuluhishi baada ya shauri kufunguliwa.

Jambo la pili la haraka ni ukomo wa muda wa kufungua madai. Miezi 14 imepita. Muulize wakili kila dai lako lina ukomo wa muda gani na lini unafika, akuandikie tarehe kamili. Watu hupoteza haki zao kimyakimya hapa: wanakaa kwenye mazungumzo mwaka mzima wakidhani saa imesimama, kumbe inaendelea kutembea. Katika nchi nyingi mazungumzo peke yake hayasimamishi ukomo. Kama tarehe iko karibu, fungua shauri kwanza kisha muombe lisimame kupisha usuluhishi, au sainini makubaliano ya kusimamisha ukomo ikiwa sheria ya kwenu inayatambua. Kama iko mbali, hati ya madai ikae kwenye faili la wakili kwa sasa.

Sasa swali lako kubwa. Tumeisoma barua yako mara kadhaa, na tunaona umechagua uwanja wa vita kabla ya kupiga hesabu. Chukua daftari.

Unadai nusu ya marejesho 11. Karatasi yenu inasema 60 kwa 40. Sehemu yake basi ni asilimia 40, ambayo ni marejesho 4.4, wala si 5.5. Halafu jiulize pesa ya yale marejesho 11 ilitoka wapi. Kama ilitoka mfukoni mwako, dai lako lina nguvu. Kama ilitoka kwenye mapato ya karakana, wakili wake atasimama na kusema ubia haujavunjwa rasmi, mapato ya karakana asilimia 40 bado ni ya mteja wake, kwa hiyo sehemu yake ameshailipa kupitia mapato hayo. Hoja hiyo si ya kuchekwa. Itafute taarifa ya benki ya miezi 14 na uweke alama kila rejesho lilitoka akaunti ipi.

Kuhusu mashine, unataka zirudi zote mbili kana kwamba ni zako. Ni mali ya ubia. Na vifaa vilivyobaki kwako, mashine za kuchomelea, kompresa, msumeno wa kukatia chuma, navyo ni vya ubia. Tuseme vifaa vyote siku aliyoondoka vilikuwa na thamani ya 100, alivyochukua 35, vilivyobaki kwako 65. Haki yake ni 40. Kwa hesabu hiyo, kwenye vifaa yeye ndiye anayekudai 5, ingawa alikuja Jumapili bila ruhusa. Namna alivyochukua ni kosa, na una haki ya kulisema. Lakini mgawanyo wa mali hauangalii siku ya wiki.

Dai la wateja ndilo dhaifu kuliko yote. Karatasi yenu haikumkataza kufanya kazi ileile baada ya kutoka, na mteja si mali ya mtu. Labda uthibitishe kwamba aliwachukua akiwa bado mbia, kwa mfano aliwapa bei ya chini kwa siri huku akila mshahara wa karakana. Hapo kuna kesi. Hisia kwamba “wamemfuata” haitoshi.

Tuweke hayo kwenye mizani kwa tarakimu za mfano, kila rejesho likiwa 10. Tarakimu hizi ni za kukuonyesha njia, weka zako. Marejesho uliyolipa: dai 44, lakini kwa lile swali la chanzo cha pesa, uwezekano wa kushinda tuuite nusu, sawa na 22. Sehemu yake ya marejesho manne yaliyobaki: 16, hili halina ubishi mkubwa. Wateja: unadai 60, uwezekano moja kwa kumi, sawa na 6. Jumla 44. Toa 5 za vifaa. Toa dai lake la faida: tuseme sehemu yake ni 20, na kwa kuwa unakiri haikugawanywa, uwezekano wake robo tatu, sawa na 15. Inabaki 24. Toa ada ya wakili usiyoweza kurudishiwa, tuseme 12. Thamani ya kesi yako leo ni 12.

Geuza meza ukae upande wake. Yeye naye anatarajia kulipa zile 24, na wakili wake 12, jumla 36. Kwa hiyo malipo yoyote kati ya 12 na 36 yanakuacha wewe na kitu zaidi ya kesi na yanamwachia yeye nafuu kuliko kesi. Kwa mfano, kila mmoja abaki na vifaa alivyo navyo, yeye alipe marejesho matatu kati ya manne, yaani 30, na madai mengine yote yafutwe pande zote. Wewe uliyekuja na picha ya 150 kichwani (55 za marejesho, 35 za mashine, 60 za wateja) utaona 30 ni tusi. Mwenye lile daftari ataona ni zaidi ya mara mbili ya thamani ya kesi yake. Na bado hatujahesabu muda, wala siku utakazoacha karakana kwenda kusikiliza kesi inayoahirishwa, wala ukweli kwamba mahali pengi anayeshindwa hubebeshwa sehemu ya gharama za mwenzake.

Ndiyo maana tunakushauri usuluhishi. Sababu ya undugu ipo, ila hata mngekuwa hamjuani tungekuambia hivyo hivyo. Mgogoro wenu ni wa hesabu za ubia usio na kanuni za kuvunjika. Mahakama inaweza kugawa fedha, lakini haitawaandikia barua ya pamoja kwa wateja wenye malipo ya awali, wala kumpangia mtu kulipa kufuatana na misimu ya kazi zake. Mezani mnaweza kuyapanga hayo yote. Ingekuwa shauri lingine kama angekuwa anakutishia maisha, au ameghushi saini yako benki, au anahamisha mali usiku kwa usiku ili usikute kitu. Hapo tungesema nenda kwenye vyombo vya sheria moja kwa moja.

Na usuluhishi si msamaha. Msuluhishi haamui nani mkosaji. Hatoi hukumu, na hawezi kukulazimisha kusaini. Kazi yake ni kuendesha mazungumzo, kubeba mapendekezo kati ya vyumba viwili, na kumuuliza kila mmoja maswali magumu ambayo mwenzake angeyauliza kwa matusi. Ukiona halipi, unaondoka na haki zako zote zikiwa palepale. Mtu anayeamua akiwa nje ya mahakama ni mwamuzi, na uamuzi wake kwa kawaida unawafunga. Soma karatasi utakayopewa usije ukasaini ya uamuzi ukidhani ni ya usuluhishi.

Mjomba ni mtu mwema, lakini asiwe msuluhishi. Ni mjomba wa mmoja wenu. Hata akiwa na mizani ya dhahabu, siku atakapokubana wewe utasema ni damu yake, na atakapombana mpwa wake ataambiwa amenunuliwa. Mpe heshima nyingine: aje kuwa shahidi wa kusainiwa kwa makubaliano. Tafuteni mtu aliyefunzwa usuluhishi na anayeweza kusoma hesabu za biashara. Mahakama na vyama vya mawakili mara nyingi huwa na orodha. Kabla ya kukubaliana naye muulizeni ameshughulikia migogoro mingapi ya ubia, kama anamfahamu yeyote kati yenu au mawakili wenu, anatoza kwa saa au kwa siku, na anaandika nani makubaliano mwishoni. Ada yake lipeni nusu kwa nusu, mapema. Ukimlipia shemeji ili mambo yaende haraka, kuanzia dakika ya kwanza atamwona msuluhishi kuwa ni wa kwako.

Barua ya kumwalika iwe ya ukurasa mmoja. Isimweleze makosa yake. Itaje mgogoro kwa sentensi mbili zisizo na lawama (“mgawanyo wa mali, mkopo na faida ya karakana tangu ulipoondoka”), majina ya wasuluhishi watatu achague mmoja, tarehe tatu zinazowezekana, pendekezo la kugawana ada, na siku 14 za kujibu. Juu yake iandikwe kwamba ni ya mazungumzo ya suluhu na haiathiri haki ya upande wowote. Usiitume kupitia mke wako. Mama huyo ameshabeba mzigo wa kutosha, na kila neno atakalolipeleka litafika likiwa na uzito wa kaka au wa mume. Mwambie wazi kwamba kuanzia sasa hatumwi na yeyote.

Kabla ya kikao mtasaini makubaliano ya kuingia kwenye usuluhishi, na humo ndimo lilimo jibu la hofu yako kuhusu ushahidi. Yahakikishe yanasema haya: yatakayosemwa na kupendekezwa kikaoni ni siri na hayatapelekwa mahakamani, msuluhishi hataitwa kuwa shahidi na upande wowote, utakayomwambia kwenye kikao cha faragha hatayavusha bila idhini yako, na kila aliyekuja ana mamlaka ya kukubali siku hiyohiyo. Ukisema mezani “nakiri faida sikuigawa, nipo tayari kutoa kiasi fulani,” kauli hiyo inalindwa. Ila elewa mpaka wa ulinzi huo. Nyaraka iliyokuwepo kabla haigeuki siri kwa sababu tu ilionyeshwa kikaoni. Daftari la mauzo la karakana litaombwa mahakamani kama kawaida, na sheria ya mfano ya UNCITRAL, tume ya Umoja wa Mataifa ya sheria za biashara, iliyofanyiwa marekebisho 2018, inasema wazi jambo hilohilo. Vitisho vya kumdhuru mtu navyo havifunikwi na siri hiyo, kwa kawaida.

Bunda la nyaraka lisizidi kurasa 30 hivi. Karatasi ya ubia, mkataba wa mkopo, taarifa ya benki yenye alama zako, stakabadhi za kununulia mashine, orodha ya vifaa vyote vya karakana ikionyesha vilivyoko kwako na vilivyoko kwake, hesabu ya faida ya mwaka wa mwisho, na orodha ya wateja waliokuwa wametanguliza malipo siku aliyoondoka. Ongeza maelezo yako ya kurasa mbili au tatu. Tumeona watu wakibeba picha 400 za mazungumzo ya simu. Msuluhishi huzipitia dakika kumi, na mwenye nazo anabaki na imani kwamba hakusikilizwa. Kuhusu thamani ya vifaa, mkubaliane kabla ya kikao kumtumia mthamini mmoja atakayevikagua vya kwako na vya kwake, akieleza thamani ya siku aliyoondoka. Wathamini wawili, kila mmoja na mteja wake, watawapotezea asubuhi nzima.

Siku yenyewe ipangieni siku nzima. Kwa kawaida kuna kikao cha pamoja mwanzoni, kila mmoja akieleza upande wake bila kukatizwa. Tumia dakika kumi, zisizidi. Umwelekee shemeji badala ya msuluhishi, na anza na jambo moja ambalo mwenzako atalitikisia kichwa akikubali: kwamba karakana mliijenga wote wawili. Kisha sema ile Jumapili ilikuumizaje, mara moja, kwa sauti ya kawaida. Usiiruke. Jambo lisilosemwa asubuhi hurudi saa kumi jioni likiwa limevaa nguo za kifedha, mtu anakataa pendekezo zuri na hajui kwa nini. Mara nyingi neno “nilikosea kuja nyuma yako” linashusha kiasi kinachodaiwa kuliko hoja zote za wakili. Huwezi kumlazimisha alitamke, ila unaweza kumpa nafasi.

Baadaye mtatenganishwa vyumba. Kwenye faragha mwonyeshe msuluhishi daftari lako lote, pamoja na udhaifu wako, umwambie lipi avushe na lipi abaki nalo. Pendekezo la kwanza litoke kwako na liwe na maelezo ya hesabu, usirushe namba tupu. “Alipe 44 na 16, nikitoa 5 za vifaa na 15 za faida, sawa na 40” inajadilika, maana kila kipande kinaweza kupimwa. “Alipe 100, basi” inaalika jibu la aina moja tu. Ukisogea, sogea kwa sababu, useme sababu hiyo. Na usitamke “hili ni la mwisho” kama si la mwisho, kwa sababu baada ya mara ya pili hakuna atakayekuamini.

Kuna hatari ya jioni. Mmechoka, mmekaribiana, msuluhishi anaona mwanga, na hapo ndipo watu husaini kitu wanachokijutia asubuhi. Omba nusu saa, toka nje, piga simu kwa wakili kama hayupo nawe. Halafu rudi mwandike kabla ya kuachana, kwa sababu suluhu ya mdomo ikilala usiku mmoja huamka na masharti mapya.

Kwenye kuandika ndiko tunataka uwe mkali kuliko mahali pengine popote. Suluhu nyingi zinazovunjika tulizozisoma hazikuharibikia kwenye mazungumzo. Ziliharibikia kwenye sentensi kama hii: “Mdaiwa atalipa kiasi kilichobaki mapema iwezekanavyo na mashine itashughulikiwa kwa maelewano.” Kiasi gani? Mapema ni lini? Itashughulikiwa na nani? Sentensi hiyo haikaziwi, yaani haitekelezwi kwa amri, na mahakama yoyote, kwa kuwa hakuna anayejua imeamuru nini. Iandikwe hivi: “Ndugu fulani atalipa jumla ya kiasi hiki, kwa tarakimu na kwa maneno, kwa awamu tatu sawa, tarehe 5 ya kila mwezi kuanzia mwezi huu wa mwaka huu, kwenye akaunti namba hii. Awamu moja ikichelewa na isilipwe ndani ya siku 10 baada ya taarifa ya maandishi, salio lote litadaiwa mara moja.”

Ukitaka meno zaidi, usiandike faini kubwa ya kukomoa. Mahakama nyingi huikataa. Njia iliyo safi ni akiri deni lote analokubali kuwa analo, tuseme 36, na wewe ukubali kupokea 30 kama malipo kamili iwapo awamu zote zitafika kwa wakati. Akikwama, anarudi kwenye deni lake la 36 ambalo amelikiri kwa saini yake. Au umiliki wa mashine ya kukunja bati ubaki kwa ubia mpaka awamu ya mwisho iingie. Kama kuna kifaa cha kurudishwa, taja namba yake, kirudi kikiwa kinawaka na kimejaribiwa mbele ya nani, siku gani, na nani analipia usafiri. Jenereta linaloletwa likiwa halina betri limeshazaa kesi mpya zaidi ya moja.

Halafu benki. Makubaliano yenu hayamfungi mkopeshaji. Mkopo una majina mawili, na kwa kawaida benki inaweza kumdai yeyote kati yenu kiasi chote, hata kama mmeandika kwamba shemeji ndiye anayelipa. Kwa hiyo awamu zake ziende moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo, wewe upate nakala ya kila stakabadhi, na kuwe na kifungu kwamba benki ikikudai wewe sehemu yake, atakurudishia pamoja na gharama. Siku mkopo unapoisha, pateni barua ya benki inayothibitisha hivyo. Humohumo muweke tarehe ya ubia kuvunjika, nani anabaki na jina, nani anaondolewa kwenye saini za akaunti, kodi za miaka ya nyuma zikija zinabebwa kwa 60 na 40 au vinginevyo, na zile kazi zilizolipiwa nusu zinamalizwa na nani. Kisha sentensi ya kufunga: madai mengine yote yanayotokana na karakana hii, yanayojulikana na yasiyojulikana, yamekwisha.

Akisaini halafu asilipe, nguvu yako inategemea mliipitisha karatasi wapi. Kama shauri lilikuwa limefunguliwa, makubaliano yapelekwe mahakamani yawe hukumu ya makubaliano, nayo hukaziwa kama hukumu nyingine yoyote. Kama halikufunguliwa, nchi nyingine zinaruhusu kuyasajili mahakamani au kuyathibitisha kwa afisa wa hati, na nyingine zinayaona kuwa mkataba wa kawaida, ambapo ungelazimika kufungua shauri la kuvunjwa kwa mkataba huo. Hilo la pili si baya kama linavyosikika, kwa sababu hutathibitisha tena historia ya miaka 6. Utathibitisha saini yake na tarehe iliyopita. Lakini swali hili mpe wakili kabla ya kikao, wala si baada. Utasikia watu wakiutaja Mkataba wa Singapore ulioanza kutumika Septemba 2020: huo ni wa suluhu za kibiashara za kimataifa, haugusi ndugu wawili wenye karakana ndani ya nchi moja.

Na kama hataki kuja kabisa? Usimbembeleze mara tatu. Barua moja, ukumbusho mmoja baada ya siku 14, na siku 7 za mwisho. Zikipita, wakili afungue shauri akiwa amelirekebisha dai la marejesho kuwa asilimia 40, ameondoa lile la wateja kama huna ushahidi, na ameomba ubia uvunjwe na hesabu zake zikokotolewe. Nakala za barua zako mbili zikae kwenye faili. Mahakama za baadhi ya nchi huziangalia zinapoamua nani abebe gharama. Uingereza, tangu hukumu ya Halsey ya 2004, hata aliyeshinda anaweza kunyimwa gharama zake akionekana alikataa usuluhishi bila sababu ya maana. Na kesi ikishaanza, mwalike tena baada ya yeye kuwasilisha utetezi wake. Wengi waliokataa mwanzoni hukubali wakati huo, wakiwa wameshaona hati ya kwanza ya ada ya wakili.